Sista na Pua ya Gari Lake

Mara ya kwanza nilipomwona akilisikiliza gari lake, nilidhani anasali. Alikuwa ameinama juu ya injini, mbele ya duka langu la vipuri pale Garsen, macho ameyafumba, sikioni ameweka kile kipembe cha mbao ambacho wakunga hutumia kusikilizia moyo wa mtoto tumboni. Madereva wa malori walisimama kando wakimtazama. Hakuna aliyethubutu kucheka, maana nusu yao wake zao walikuwa wamepita mikononi mwake. Alipoinuka aliniambia, "Mama Rukia, mgonjwa anapumua vibaya. Upande wa kushoto."

Fundi Guyo, mwenye banda mkabala na duka langu, akachomeka kimashine chake cha kusoma kompyuta ya gari, akatazama, akasema ni upande wa kulia.

"Ndiyo, kulia kwake," Sista akamjibu. "Mgonjwa anahesabiwa kutoka upande wake, si wako."

Ukilizunguka lile gari ukakaa kwenye kiti cha dereva, unaona mahesabu yake hayakuwa hivyo hata kidogo. Lakini alikwisha kusema, na Guyo akainama akaanza kazi.

Hatukumwita jina, tulimwita kwa kazi yake ya unesi. Alikuwa Sista kwa Wapokomo wenzake wa Golbanti, Sista kwa Waorma wanaoleta ng'ombe sokoni, Sista hata kwetu sisi Waislamu wa Wenje tulioolewa huku chini ya mto. Aliuguza watu kwenye zahanati mpaka akastaafu, na alipostaafu wagonjwa hawakuwa na habari. Manesi vijana waliletwa, wakakaa kidogo, wakaomba uhamisho, wakaenda zao. Watu waliendelea kupiga hodi kwake. Rukia wangu alizaliwa mikononi mwake, na mdogo wake pia, na kila tukikutana aliniuliza kwanza habari za Rukia ndipo aulize zangu, kana kwamba mimi nilimbebea tu.

Gari aliachiwa na watu wa mradi wa visima walipofunga kazi yao. Lilikuwa gari kuukuu la juu, la kuvuta kwa magurudumu yote manne, na lilikuwa la petroli, katika nchi ambayo kila mwenye akili zake anaendesha la dizeli. Nilimwambia hivyo. Akasema katika maisha yake hajawahi kuchagua mgonjwa, wote aliletewa tu.

Njia ya kutoka Golbanti kuja kwenye lami ikinyeshewa inageuka udongo mweusi unaonata mpaka unamvua mtu kiatu. Pikipiki hazipiti. Msimu huo, mama akishikwa na uchungu na mambo yakaenda mrama, gari la Sista ndilo lililokuwa njia pekee ya kumtoa akiwa amelala. Likiwaka, alifika. Lisipowaka, basi tena. Sisi wote tuliolishughulikia lile gari, kwa spana au kwa maneno matupu, tulilijua hilo.

Kuendesha alijifundisha mwenyewe, kwenye matope. Nimepanda naye akiingia kwenye maji yaliyofika mlangoni huku anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya pili, ile ya chini, na mkono mmoja anamfuta mgonjwa jasho. Viboko walikuwa wametokeza masikio pale pembeni, yeye akawapigia honi wampishe. Lakini lami ilimtoa roho. Akiona lori linakuja mbele yake alisimama kabisa mpaka lipite. Kuja Garsen kwenyewe alipita kandokando ya barabara, magurudumu mawili lami na mawili vumbini, watu wakimpigia kelele. Kwenda Malindi, kwenye hospitali kubwa, hakwenda hata siku moja. Alimfikisha mgonjwa kwenye njia kubwa, akamkabidhi kwa gari jingine, akageuza.

"Matopeni nikikosea nakwama," alinieleza nilipomcheka. "Huku nikikosea naua."

Alikuwa mtu wa kuziba. Sijui namna nyingine ya kumweleza. Mto ulikuwa umemchukulia nyumba zaidi ya mara moja, kama ulivyowachukulia wengi kule chini, na wengine walijifunza kuhama mapema, wengine walijifunza kumwachia Mungu. Yeye alijifunza kuziba. Viberiti vyake vilikaa ndani ya chupa ya dawa yenye kizibo cha mpira. Biblia aliifunga kwa kipande cha ile shiti ya mpira ya kitanda cha hospitali. Redio aliivalisha glavu ya hospitali, vidole vikining'inia, na ukitaka kubadilisha stesheni ulibonyeza juu ya mpira. Ukimtania alikwambia kwamba maji yakipata tundu la sindano yanaingia na ukoo wao wote. Nilikula kwake samaki mara nyingi, na sikumbuki kuona sufuria isiyofunikwa.

Na plasta. Alikuwa na plasta kuliko duka la dawa. Miwani yake ilikuwa na plasta, mpini wa jembe ulikuwa na plasta, kiti cha plastiki alichonipa nikae kilikuwa na plasta mguuni, imefungwa kwa mzunguko mzuri ulionyooka, bila kikunjo. Mkono wake haukujua kufunga kitu ovyo. Nilikuwa nikiutazama na kuona raha.

Lakini huyu huyu wa kuziba kila kitu, ukweli hakuuziba. Hapo ndipo watu wengine walipomchukia. Mgonjwa akiwa hana matumaini, aliwaita ndugu zake akawaambia wazi wazi, amesimama wima, mikono ameikunja mbele. Manesi vijana waliokuja walimwogopa kwa jambo hilo. Nilimsikia akimgombeza mmoja wao aliyekuwa akizungukazunguka: "Mwambie leo. Kesho atakuuliza kwa nini jana ulinyamaza."

Mimi aliniambia kuhusu mume wangu. Madaktari walikuwa wakizungumza maneno marefu, na ndugu walikuwa wakisema inshallah, yeye akaja kutoka Golbanti, akamtazama mume wangu macho na miguu, akanitoa nje. "Hatarudi dukani, Mama Rukia. Muulize mnayotaka kuulizana." Nilimchukia kwa siku kadhaa, nilimchukia kweli. Kisha nikaingia ndani nikamuuliza mume wangu funguo zote ni za nini, bidhaa zinaagizwa kwa nani Mombasa, na kama kuna jambo moyoni mwake. Tulizungumza kama hatukuwahi kuzungumza. Ndiyo maana leo mimi ni mwanamke ninayeuza plagi na filta, na ndiyo maana yaliyokuja baadaye sikuweza kuyakwepa.

Kuna desturi yake moja zaidi, na hii naomba ishikwe vizuri. Siku ya daktari kuzuru zahanati, Sista aliamka mapema akawafungua wagonjwa wote bendeji zao. Alizitoa moja moja, akafuta vidonda kwa spiriti, akawapanga kwenye benchi wakiwa na vidonda wazi, wamekunja nyuso. Daktari akifika asipoteze muda. "Daktari haonyeshwi bendeji," alisema. "Anaonyeshwa kidonda." Akiondoka daktari, aliwafunga upya wote, vizuri zaidi kuliko mwanzo.

Sasa niseme habari ya pua.

Jina hilo alilitoa Guyo. Kule nyuma ya injini, kwenye bomba la moshi, magari ya namna ile yana kidude kama plagi chenye waya, kimoja kila upande, nacho ndicho kinachonusa moshi. Vitabuni ni sensa ya oksijeni. Kikinusa kwamba petroli imezidi, kinaiambia kompyuta ipunguze. Kikinusa imepungua, inaongezwa. Pua ikifa, kompyuta inamimina petroli kwa kubahatisha. Plagi zinajaa masizi, moshi unatoka mweusi, gari linakunywa kama ng'ombe waliotoka Bangale kwa miguu, kisha injini ikipata moto inazima, na kuwaka tena ni majaliwa.

Pua ya kwanza iliuawa na maji, hilo halina ubishi. Sista alivuka maji, yakaingia kwenye soketi, pale waya wa sensa unapoungana na waya wa gari, ikaoza kijani. Guyo alimwonyesha. "Sista, maji ndiyo imeua hii. Hapa kwa soketi. Hii kitu haitaki maji kabisa." Sista aliitazama ile kutu ya kijani kwa muda mrefu, kama anatazama kidonda cha mtu aliyechelewa kuletwa. Nikaagiza sensa mpya Mombasa, ikaja kwa basi, ikafungwa, gari likanguruma safi. Akaenda zake akiimba.

Baada ya wiki kadhaa akarudi na moshi mweusi.

Guyo akafungua boneti akakagua. Soketi kavu, safi, inang'aa. Kimashine kikasema pua haifanyi kazi. Akaweka mita kwenye waya, ule mshale ambao unatakiwa kupanda na kushuka kama pumzi ukalala chini haupandi. Akanitazama mimi. "Mama Rukia, hii uliuza ilikuwa feki."

Nikamwambia mimi nauza vipuri, sivifungi, aangalie mkono wake. Tulinuniana siku nzima. Nikaagiza nyingine, kwa mtu mwingine. Ikafungwa, gari likapona. Wiki kadhaa, likarudi.

Na mchezo ukawa huo. Tuliilaumu petroli ya kwenye madumu, Sista akaanza kuichuja kwa kitambaa cheupe. Guyo alibadilisha plagi. Alipaka sabuni ya maji kwenye viungo vya bomba la moshi, akatafuta povu, akatafuta tundu ambalo halikuwepo. Alifuata waya kutoka mwanzo mpaka mwisho, akitambaa chini ya gari, akitoka uso mweusi kwa grisi. Alihamisha pua ya kulia akaipeleka kushoto na ya kushoto kulia, na baada ya muda zikafa zote mbili. Siku moja alikaa chini kwenye tairi akaniambia taratibu, "Mimi nashindwa. Ikiwa hapa kwangu iko mzima. Ikienda huko inakufa. Huko kuna nini?"

Nilijua kwamba gari likija kwetu lilinukia spiriti, hata boneti ikifunguliwa, lakini Sista mwenyewe alinukia spiriti, nguo zake, mikono yake, hata noti zake. Nani angehesabu harufu ya Sista kuwa ni jambo?

Yeye hakutulaumu, na hilo lilituumiza zaidi. Alikaa kwenye benchi langu, chai hakunywa mpaka mgonjwa aangaliwe, akatusikiliza tukibishana, kisha akauliza swali lake lile lile: "Ikifungwa leo, itafika mvua?" Guyo alisema itafika. Kila mara alisema itafika, kwa sababu mwanamke yule ukimtazama usoni hukuweza kusema sijui.

Mvua ile alikuwa akiiuliza kwa ajili ya Haluwa.

Haluwa ni mtoto wa marehemu mdogo wake, aliyemlea tangu anatambaa. Aliolewa na kijana wa hapo hapo Golbanti anayefanya kazi melini na kukaa mbali miezi na miezi, kwa hiyo siku nyingi alikuwa kwa Sista, akimwita mama. Akapata mimba, na mimba ikaja na presha. Sista hakumficha. Alimkalisha akamwambia kwamba mtoto huyu hatazaliwa nyumbani, kwamba kichwa kikianza kumuuma na macho kuona vimulimuli asiseme ni uchovu, aseme. Alimwambia kwamba anaweza kufa. Haluwa alinisimulia haya akicheka kidogo, huku amejishika tumbo. "Mama anavyosema, mtu anaweza kudhani ameshachimba kaburi. Halafu ananipa uji."

Tulikubaliana kwamba mwezi wa mwisho Haluwa atakuja kukaa kwangu Garsen, karibu na njia. Nilitoa hata kitanda cha Rukia. Lakini mpunga ulikuwa umeiva shambani na Haluwa akaomba avune kwanza, na mvua nayo haikutusubiri, ikaja kabla ya wakati wake, kubwa, na mto ukaanza kupanda.

Asubuhi ile Sista alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya kazini. "Mama Rukia, tunatoka sasa. Kichwa kimemuuma tangu alfajiri. Tafuta gari la kwenda Malindi lisimame kwenye lami. Na Guyo asiondoke."

Nilipata gari. Guyo alichukua sanduku lake la spana, tukaenda kusimama pale njia ya Golbanti inapoungana na lami, chini ya mvua, na dereva wa watu ambaye hatukumjua. Tulisimama. Simu ikaingia tena. Nyuma ya sauti yake nilisikia ile injini ikikohoa, nikamkabidhi Guyo simu. Akawa anamwambia, "Sista, usipige starter. Ngoja. Fungua plagi ukaushe. Iko na spana ya plagi chini ya kiti." Kisha akawa anasikiliza. Kisha akaniambia, "Imezima. Moshi ni nyeusi tupu. Plagi imelowa petroli." Akajaribu kuingia njiani kwa miguu na sanduku lake. Akazama mpaka magotini, akavuta mguu, akazama tena. Lile gari la Malindi lingeingia lisingetoka. Dereva alitutazama tu, na hakuwa na kosa.

Simu ikakatika. Sijawahi kusimama mahali nikiwa sina faida yoyote kama nilivyosimama pale. Nilikuwa na duka zima la vipuri nyuma yangu.

Wanaume wa kijiji walimtoa Haluwa. Walimlaza kwenye kitanda cha kamba wakambeba mabegani, wakipokezana, wakianguka, Sista akitembea kando amemshika taya asijing'ate ulimi, kwa sababu degedege ilikuwa imeanza. Walipotokea kwenye lami sikumtambua mtu yeyote kati yao kwa tope. Sista aliingia kwenye lile gari la Malindi bila kusita, akapita lami ile aliyoiogopa maisha yake yote, na kuanzia hapo mpaka hospitali, dereva alinieleza baadaye, hakuinua macho kutazama njia hata mara moja.

Haluwa alipona. Mtoto alitolewa akiwa hana pumzi. Alikuwa wa kiume.

Matope yalipokauka kiasi, Guyo alikwenda na trekta kulivuta gari mpaka uani kwa Sista. Alirudi kabla ya jioni, akaja moja kwa moja dukani kwangu na hata mikono hakunawa. Akaweka kitu juu ya kaunta. Ilikuwa plasta. Ilikuwa imefungwa kwa mzunguko ulionyooka, bila kikunjo, juu ya kidole cha glavu ya hospitali, na ndani ya kile kidole mlikuwa mmejazwa mafuta ya mgando, yale tunayopaka watoto. Alikuwa ameikata na kuivua nzima kutoka kwenye soketi ya pua.

Tulitazamana. Mimi nilidhani ni jambo zuri, nikasema, "Basi maji hayakuingia."

"Maji haikuingia," Guyo akasema. "Hakuna kitu iliingia."

Tulimpigia mtu wa Mombasa anayeniuzia sensa. Guyo akamuuliza kama kuna ubaya soketi ikijazwa mafuta na kufungwa. Yule mtu akauliza kwa nini tufanye hivyo. Kisha akatueleza kwa ule upole wa mtu aliyezoea kuulizwa na watu wa mbali. Ile pua hainusi moshi peke yake. Inaulinganisha na hewa safi ya nje. Na hewa yenyewe inaivuta kupitia ndani ya waya, kuanzia pale kwenye soketi. Ukiiziba pale, hewa inakwisha ndani kidogo kidogo, na mafuta yanapanda kwenye waya. Pua inaanza kudanganyika kwamba petroli imepungua, kompyuta inaongeza, inaongeza, mpaka injini inazama. "Hata iwe mpya namna gani," alisema. "Mnaiziba pumzi."

Ndipo ile harufu ya spiriti ikanijia, nikaelewa yote. Kila tulipolitibu, alilipeleka nyumbani, akalifunga ili maji yasiliue tena. Na kila alipotuletea, alivua bendeji, akafuta kwa spiriti, akamwonyesha daktari kidonda kisafi.

Guyo alisema yeye haendi kumwambia. Alisema tuifunge mpya, tumwambie tu asiweke mafuta tena, kwamba ni maagizo ya kiwanda. "Mzee wa watu. Itamsaidia nini?" Nami nilitaka sana kukubali. Nilipitisha Ijumaa, nikapitisha nyingine. Lakini kila nikijipanga kunyamaza niliiona ile mikono iliyokunjwa mbele, nje ya chumba cha mume wangu. Mwisho nikachukua sensa mpya rafuni nikamwita Guyo, tukaenda.

Tulimkuta uani. Gari lilikuwa pale lilipoachwa na trekta, limeoshwa. Haluwa alikuwa ameketi kwenye mkeka anapepeta mchele, kanga ameifunga kifuani kwa nguvu, kama wafanyavyo wanaotaka maziwa yakauke. Nilimwamkia, akaitikia. Sista alitutolea viti. Alikuwa amepungua. Miwani ilimshuka puani akawa anaipandisha kila mara.

"Rukia wangu hajambo?"

"Hajambo, Sista."

"Mmepata ni nini."

Hakuuliza, alisema. Basi nilimwambia. Sikuketi. Nilisimama nikakunja mikono kama yeye, kwa kuwa sikujua namna nyingine ya kusema jambo kama lile, nikamweleza habari ya waya na hewa na soketi. Nilipofika kwenye mafuta ya mgando Guyo akapokea, akamalizia, ameinamisha kichwa.

Sista alisikiliza kama anayepokea zamu. "Tangu ile ya pili?" akauliza.

"Tangu ile ya pili."

"Na hii ya asubuhi ile?"

"Nayo ilikuwa hivyo hivyo, Sista."

"Kumbe ni mimi."

Nilitaka kusema mvua, njia, presha, Mungu. Yote yalikuwa kweli, na hakuna lililokuwa jibu. "Ndiyo," nikasema.

Alipandisha miwani. Kisha akageuka, na nikajua anachotaka kufanya, nikasema, "Sista, si lazima leo," lakini alikuwa ameshaita.

"Haluwa. Njoo usikie jambo."

Haluwa alikuja na ungo wake mkononi. Sista akasimama. Alimwambia mwanawe yote, kwa maneno mafupi, bila kujitetea, vile vile alivyotuambia sisi wengine mambo yetu. Alimwambia kwamba gari halikuharibika lenyewe. Alimwambia kwamba alilifunga kwa mkono wake, mara nyingi, akidhani analikinga. Alimwambia, "Lingefika. Mtoto angekuwa na nafasi."

Kuku walikuwa wameuvamia mkeka wanadonoa mchele, na hakuna aliyewafukuza. Haluwa aliutazama ungo wake.

"Najua ulilifunga, mama," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa nakukatia plasta."

Katika miaka yote niliyomjua, sikuwahi kumwona Sista akikosa la kumwambia mtu mpaka siku ile.

Guyo ndiye aliyetuokoa, kama kulikuwa na kuokolewa. Aliingia chini ya gari na ile sensa mpya. Tulisikia spana zikilia kule chini, kisha akatoka, akaunganisha soketi, akaiacha wazi, haina kitu juu yake. Akaingia kwenye kiti akawasha. Likawaka mara moja. Moshi haukuonekana kabisa. Injini ikatulia, ikawa inakwenda laini, bila kukohoa, na mimi nilitamani ikohoe.

Sista aliingia ndani ya nyumba. Nilidhani amekwenda kulia. Akatoka na kile kipembe, akakiweka juu ya injini, akainama, akafumba macho. Haluwa akasogea mpaka ubavuni kwake, akaweka kiganja mgongoni mwake.

"Anapumua?" akauliza.

"Anapumua," Sista akasema.

Guyo alitoa kichwa dirishani akauliza kama azime. Sista, sikio bado liko kwenye kipembe, akatikisa kichwa kukataa. Haluwa hakuondoa mkono. Tukasimama hapo wote wanne, na injini ikaendelea.